Rafu ya Insulini

Friji ya mama yangu, nyumbani Bigwa, ina rafu nne. Ya pili kutoka juu ilikuwa ya insulini. Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na walimu wa aina yake hawaachi kitu bila maandishi. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika ukingoni mwa rafu na kuandika kwa kalamu ya bluu: DAWA. USIGUSE. Hata soda ya mgeni haikuruhusiwa kulala pale. Alifariki Januari 2023. Nyumba ikabaki kwangu, na friji, na ile plasta. Kwa zaidi ya mwaka mzima rafu ile ilikaa tupu huku nyanya, mchicha na sufuria za kiporo vikibanana rafu ya chini.

Kitu cha kwanza kuwekwa pale baada ya insulini kilikuwa mfuko wa khaki wenye matunguu kumi na mawili ya maua.

Yaliletwa Desemba 2023 na rafiki wa dada yangu aliyekuja kula Krismasi kwao. Dada anaishi Uholanzi. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akapata mume, basi akawa mtu wa huko. Kwenye mazishi hakuja. Kibali chake cha ukaazi kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, na alivyonieleza, akitoka wakati huo kurudi kungekuwa shida. Tulimzika mama Matombo, kwenye ardhi ya ukoo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo shughuli yote ilikuwa mikononi mwa mjomba, na kazi yangu mimi ilikuwa moja tu: kushika simu juu ili dada aone kwa WhatsApp. Mtandao wa kule mlimani ulikuwa unakuja na kuondoka. Aliona jeneza likishuka. Udongo hakuuona, betri iliisha.

Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: "Panda pale mama alipokuwa anakaa jioni." Hakuna salamu, hakuna pole. Niliusukumiza mfuko kwenye droo ya meza pamoja na bili za maji, nikaufungia. Nilisema moyoni, mtu hukuja kuzika, unatuma vitunguu.

Yalikaa humo mpaka Machi. Kilichonifanya niyatoe si upendo, ni bili ya maji niliyokuwa naitafuta. Mfuko ulipasuka, tunguu moja likaviringika sakafuni na nikaliokota. Lilikuwa dogo, kama kitunguu saumu cha punje moja, limevishwa ganda la kahawia lenye nyuzi zilizofumana kama wavu. Siku zile sikujua kwamba hata jina lake limetoka hapo: Iris reticulata, airisi yenye wavu, kutoka neno la Kilatini la wavu mdogo. Kwenye kijikaratasi cha duka kulikuwa na picha ya ua la bluu iliyoiva, lenye mstari wa njano katikati ya kila ulimi, na jina la aina, 'Harmony'. Picha nzuri. Nikampigia simu rafiki yangu mmoja aliyesoma kilimo cha bustani SUA, nikamuuliza kitu hiki kinapandwaje.

Akacheka. "Bwana, hilo Morogoro halitoki."

Halafu akanieleza, na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nilimshikilia kwenye simu karibu saa nzima. Tunguu, alisema, si mbegu. Ni mmea mzima uliojikunja, umejiwekea chakula chake ndani. Airisi za aina hii asili yake ni milima ya Uturuki, Kaukasi, Iraki na Irani, nchi ambako kiangazi ni kikavu na cha joto, na baridi inapokuja huja na theluji. Tunguu hulala kiangazi chote. Halafu linahitaji baridi ya wiki kumi na mbili, hata kumi na tano, ndipo litoe ua theluji inapoyeyuka. Mimi nilidhani baridi ile ni mateso ambayo mmea unayavumilia. Akasema hapana, baridi ndiyo saa yake. Bila baridi haujui ni mwezi gani. Ungeweza kudanganyika na siku mbili tatu za jua kabla ya theluji, ukatoka, ukafa. Kwa hiyo unahesabu baridi kwanza. Ukiupanda Morogoro mjini, ambako usiku wa Julai wenyewe hushuka hadi nyuzi 15 hivi na watu wanavaa masweta, tunguu hilo linahesabu hadi sifuri. Likijitahidi sana litatoa majani, au litaoza.

"Sasa nikipeleka Mgeta?" Nilikuwa nakumbuka soko la Nyandira, ukungu wa Juni, akina mama waliojifunga kanga mbili na blanketi juu, marobota ya kabichi na njegere na karoti yakipakiwa malori ya Dar es Salaam. Kama kuna mahali pa baridi kwenye Uluguru ambapo watu wanalima, ni kule.

"Baridi ya Nyandira inakutosha wewe," akasema. "Hilo tunguu linaiona kama chai. Weka friji. Nyuzi mbili hadi nane."

Nikasema, "Kama insulini."

"Ehee, kama insulini," akajibu, halafu akanyamaza. Alikuwepo msibani. Ndiye aliyebeba maturubai.

Nikayaweka Jumamosi tarehe 30 Machi 2024, mkesha wa Pasaka. Nilihesabu wiki kumi na nne kwenye kalenda ya ukutani na kuzungushia duara tarehe 6 Julai. Maelekezo yalikuwa mafupi: mfuko wa karatasi na si wa nailoni, yasilowe, yasikae na matunda mabivu kwa sababu gesi inayotoka kwenye tunda linaloiva inaweza kuharibu ua likiwa bado ndani ya tunguu. Kwa hiyo maembe na mapapai yakafukuzwa kwenye friji. Rafu ya pili kutoka juu. DAWA. USIGUSE.

Kabla sijaendelea, kuna jambo inabidi niungame, kwa sababu nimewahi kuandika makala gazetini kuhusu mimea vamizi, nikiwa nimevaa sura ya mwenye hasira. Mmea, mbegu au tunguu kuingizwa nchini kunataka cheti cha afya ya mimea kutoka huko unakotoka, na kukaguliwa hapa unakoingia. Matunguu ya dada yaliingia ndani ya kiatu cha mtu. Watu wa Amani kule Usambara wanajua gharama ya mchezo huu: mti wa Maesopsis ulipelekwa kule kutoka upande wa Ziwa Viktoria kwa nia njema kabisa, ukaota vizuri kupita kiasi, na leo umo ndani ya msitu wa asili ukigombea mwanga na wenyeji. Najitetea kwamba airisi isiyoweza hata kuchanua bila friji haiwezi kuvamia Bigwa. Lakini kwenye udongo huweza kuja mengine, minyoo, kuvu. Niliyaosha, nikayapanda kwenye chungu juu ya saruji. Utetezi wenyewe ndio huo, haujasimama sawasawa.

Ilikuwa Mei wakati mama mdogo alipokuja kukaa wiki moja. Yeye ndiye mdogo wake mama anayefuatana naye, na akiingia jikoni hakuna anayebaki. Nilirudi kutoka mjini nikakuta mafuta yanachemka na kibao cha kukatia kipo mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu, hivi vitunguu vyako umevinunua wapi? Vimekauka, havitoi hata machozi."

Alikuwa ameshakata kimoja. Vingine viwili vilikuwa vimeshamenywa wavu wake. Nilimwondoa mbele ya jiko kama askari. Airisi ina sumu, si ya kuua mtu mzima kwa kijiko kimoja cha mchuzi, lakini ya kumtapisha na kumharisha vya kutosha kukumbuka siku hiyo. Nilipomweleza kwamba ni maua aliangalia kibao, akaangalia friji, akaangalia ile plasta. "Na wewe unaweka maua kwenye dawa?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Ya dada yako?" Nikasema ndiyo. Akafuta kibao na kukata kitunguu kingine, cha kweli, na safari hii macho yakamtoka machozi, naye hakuyafuta.

Jioni ile kibarazani ndipo aliponikumbusha ua la mama. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Mama alikuwa na mawaridi, asumini, na bogenvilia iliyopanda juu ya choo cha nje, yote ya kununua kwenye vitalu vya kando ya barabara kama kila mtu. Lakini kwenye kona ya ukuta alikuwa na kitu alichokichimba mwenyewe Matombo: ule mpira mwekundu. Msomaji wa Morogoro ataujua. Mwezi wa kumi na moja hivi, mvua za kwanza zikishagonga udongo mkavu, kijiti kinatoka ardhini bila jani lolote na juu yake kinafunguka kichwa cha duara, nyuzi nyekundu mamia, kikubwa kama chungwa, wakati mwingine kama kichwa cha mtoto. Vitabuni ni Scadoxus multiflorus. Mama aliuita "mgeni", kwa sababu hujui umeshafika mpaka umemkuta mlangoni. Nao ni tunguu, tena lenye sumu. Na kama unataka kucheka, wataalamu wa mimea wameuweka familia moja na kitunguu maji, wakati airisi, ambayo mama mdogo aliitia mafutani, si ndugu wa karibu wa kitunguu hata kidogo.

Ndugu wa airisi wapo, ila ni wengine. Hapa kwetu airisi ya asili hakuna, lakini familia yake ipo, na anayepita kwenye nyasi za milimani wakati wa mvua amewahi kuona gladiola ya pori, ile yenye maua ya rangi ya machungwa yenye mdomo wa njano yaliyopangana upande mmoja wa bua. Gladiolus dalenii, inapatikana sehemu nyingi za Afrika. Nilipotafuta nani huyo Dalen nikakuta ni Mholanzi, mtu wa bustani ya mimea ya Rotterdam. Nilimtumia dada ujumbe huo kama utani. Ulikuwa ujumbe wangu wa kwanza kwake baada ya miezi minne usiohusu hela wala hati ya nyumba.

Akajibu na picha. Ilikuwa rafu ya dukani kwao, vijichungu vya maua ya zambarau yenye majani ya manyoya, bei yake kwa yuro, na jina: Kaaps viooltje. Ua dogo la Rasi, yaani la Afrika Kusini. "Wananiudhi hawa," aliandika. Ana haki. Lile ua ni letu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa upande wa Tanga, ndiye aliyelipeleka Ulaya mapema miaka ya 1890, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Wajerumani wenyewe angalau wanasema ua la Usambara. Na Uluguru tuna la kwetu, Saintpaulia goetzeana, linakaa juu kwenye miamba yenye kivuli na unyevu msituni, dogo, halina makuu. Tangu 2015 wataalamu wamezihamishia zote kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la baron limepungua nguvu. Lakini fikiria tu: ua la ukungu wa milima yetu linaishi dirishani Uholanzi juu ya mabomba ya kupasha joto, na ua la theluji linaishi Bigwa kwenye rafu ya insulini. Na lile la kwetu liliitwa kwa jina la mtu aliyepita njia.

Dada akaniuliza matunguu yanaendeleaje. Nikasema moja lilikatwa kwa ajili ya mboga. Alituma vicheko vingi. Halafu akauliza, "Umeme unakaa?"

Nilisoma lile swali mara nyingi. Sikujibu.

Umeme ulikatika wiki mbili baadaye, saa tatu usiku. Mvua za masika zilikuwa zinaishia, nje giza, vyura, jenereta la baa ya barabarani likinguruma. Saa moja ya kwanza sikujali, friji ikifungwa hutunza baridi yake. Saa tano nikaanza kuzunguka. Mama alikuwa na kipimajoto kidogo cha friji, cha kioo, ambacho muuguzi wa kliniki alimwambia anunue. Nikakikuta bado kimelala pembeni ya rafu. Nilifungua mlango haraka, nikasoma kwa tochi ya simu: tisa. Saa saba usiku kilikuwa kumi na moja. Nikamwamsha kijana wa bodaboda wa mtaa wetu, nikampa pesa ambazo ni aibu kuzitaja, akaenda kunitafutia barafu kwenye duka la samaki lenye jenereta. Nikaazima deli la mama muuza maziwa wa jirani, akanifungulia kwa mshangao, akidhani nimefiwa. Nikapanga barafu chini, gazeti katikati, mfuko wa khaki juu, kipimajoto pembeni. Nikakaa sakafuni jikoni nikilinda nyuzi sita.

Na ilipofika saa tisa usiku, nikiwa nimekaa pale na tochi, ndipo nikaona ninachofanya.

Januari 2023 nilikuwa Dar es Salaam kwa siku nne, kazi ya gazeti. Siku ya pili mama alinipigia. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na ile ni Januari ya Morogoro, unalala umelowa. Alisema, "Dawa imepata joto." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayesema gesi imeisha. Nilimwambia asifungue friji. Nilimwambia atumie chungu, kile alichofundishwa kliniki, chungu ndani ya chungu, mchanga wa kulowesha katikati, juu unafunika kwa kitambaa chenye maji. Akasema mchanga hana nguvu ya kuubeba. Nikasema nitampigia mtu amsaidie. Nilikuwa naingia kwenye mkutano na waandishi wa habari, wa waziri fulani, ambao leo siwezi kukumbuka hata ulihusu nini. Sikumpigia mtu. Nilikumbuka siku ya pili, nikampigia mama, akasema umeme umerudi. Niliporudi nyumbani sikununua chupa mpya. Nilifungua friji, chupa zilikuwa baridi, nikaona mambo ni sawa. Insulini iliyopata joto kali hairudi kuwa insulini kwa sababu imepoa tena, na kwa macho mara nyingi huoni tofauti yoyote. Hilo nililijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya dawa, na mimi kazi yangu ni kusoma.

Siku kumi na moja baadaye tulimpeleka hospitali, sukari ikiwa juu sana, na hakurudi.

Daktari alinieleza vizuri, kwa uvumilivu. Figo zilikuwa zimechoka siku nyingi. Alikuwa na maambukizi kwenye mguu. Chupa inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumba karibu wiki nne, mradi lisizidi sana. Hawezi kusema ilikuwa ni dawa, na hawezi kusema haikuwa. Dada alipouliza kwa simu usiku ule, "Dawa alikuwa anapata vizuri?" nilijibu, "Dawa ilikuwa sawa kabisa." Kabisa. Lile neno nimelibeba.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili asubuhi. Matunguu yalikuwa kwenye nyuzi saba.

Nilipanda tarehe 6 Julai kama kalenda ilivyosema. Yalikuwa yamebaki kumi, kwa sababu ukiacha lile la kibaoni, jingine lilishika ukungu wa kijivu. Chungu cha udongo chenye tundu chini, kokoto, halafu udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mtoni, maana kitu ambacho airisi haisamehi ni maji yaliyotuama. Vidole vinne kwenda chini. Nikakiweka kibarazani pale mama alipokuwa anakaa jioni, upande unaopata jua la asubuhi tu. Ukikaa pale unaona mlima wote, misitu ya juu, na mawingu yakishuka kila saa kumi kama yamepangiwa zamu.

Majani yalitoka baada ya siku tisa. Membamba, ya kijani yenye ubuluu, na ukiyapitisha katikati ya vidole unasikia pembe nne, kama kijiti kilichochongwa. Matunguu saba yalitoa majani. Matatu hayakusema kitu. Na katika hayo saba, moja tu lilitoa ua.

Lilifunguka Ijumaa ya tarehe 2 Agosti. Nilitoka na chai nikalikuta. Jamani, ni dogo. Halifiki urefu wa kidole cha kati. Picha zile za dukani hazikuambii. Bluu yake ni nzito, ile ya wino ambao mama alisahihishia madaftari siku wino mwekundu ulipokosekana, na ule mstari wa njano una vidoti vyeusi kandokando. Niliinama mpaka pua ikagusa: kuna harufu, tamu, ndogo, inakuja mara moja halafu inakwisha. Mama muuza maziwa alikuja kuona kile kilichomnyima usingizi. Alikitazama kwa heshima yote. "Ndicho hiki tu?" Ndicho.

Nilimpigia dada kwa video. Kwake ilikuwa asubuhi, anajiandaa kwenda kazini. Nikaweka simu mbele ya ua, akalitazama bila kusema. Halafu nikageuza kamera kwangu nikamwambia yote. Kuhusu simu ya mama, mchanga, mkutano wa waziri, chupa zilizopoa. Nilitumia maneno machache kuliko hapa.

Alikaa kitandani. Akasema, "Najua."

Mama alimpigia siku ile ile, baada ya kuongea na mimi. Kumbe alitupigia wote. Na dada naye, mwaka mmoja nyuma, alikuwa ametuma hela ya betri ya sola kwa ajili ya friji, na mama hakununua, alimpa mjomba zikaezekea nyumba ya ukoo Matombo, na dada alijua na akaacha, kwa sababu kubishana na mama kwa simu ni kupoteza vocha. Siku ile mama alipompigia alimwambia achukue maji ya barafu kwa jirani. Mama akasema sawa. Dada akaingia darasani. "Nimekuuliza swali lile hospitali," akasema, "nikijua jibu. Nilitaka useme wewe." Halafu akakasirika, kweli kweli, akanipigia kelele kwamba mwaka mzima na nusu nimemwacha na lile neno "kabisa", na mimi nikamwambia naye alinitega, na tukagombana mpaka akachelewa treni. Mumewe alipita nyuma na kikombe, akarudi alikotoka.

Alipotulia akauliza ua linadumu siku ngapi. Nikasema sijui. Lilidumu siku mbili. Jua la Jumapili lilipoanza kuwaka lilikuwa limejikunja kama karatasi iliyolowa.

Kuna jambo moja sikumwambia. Pale makaburini Matombo, simu ilipozima, nilikuwa na pawabanki mfukoni, imejaa. Nilikuwa naigusa kwa mkono wa kushoto. Nilitaka asione udongo. Naandika hapa kwa sababu dada husoma kila ninachoandika, na kwa simu nilijaribu mara mbili, ikashindikana.

Septemba majani yalikauka, nikachimba. Rafiki yangu wa SUA alikuwa amenionya: airisi hizi zikishachoka hugawanyika. Tunguu kubwa linaisha, na mahali pake unakuta vitoto vingi, vidogo mno kuchanua, vinavyotaka miaka miwili au mitatu ya kulishwa vizuri kabla havijatoa ua, na kwa hapa kwetu hiyo ina maana miaka miwili au mitatu ya friji. Nilivihesabu juu ya gazeti: ishirini na tatu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa kama punje ya hindi. Kila kimoja kimeshavaa wavu wake.

Novemba, mvua ya kwanza ilipopiga, ule mpira mwekundu ukatoka kwenye kona ya ukuta. Hakuna aliyeumwagilia miaka miwili, hakuna aliyekumbuka. Nilimtumia dada picha. Anataka tunguu moja la huo. Nimemwambia safari hii tutafuata utaratibu, nikapige picha, nijaze fomu, nipate cheti. Amesema mimi ni mwoga. Bado hatujamaliza ubishi huo.

Vile vitoto ishirini na tatu vimo kwenye bahasha, kwenye droo ya bili. Machi vinaingia friji. Plasta imeanza kubanduka upande mmoja, nimeirudishia kwa gundi.